Kiti cha Diwani Kikibaki Wazi: Namna ya Kumpata wa Kukijaza

Jioni moja ya Februari nilikuwa mkalimani kwenye kikao cha baraza la jiji mojawapo kusini mwa Seattle, Marekani. Diwani mmoja alikuwa amejiuzulu, na sita waliobaki walikuwa wanatafuta wa kukaa kwenye kiti chake. Mzee mmoja mwenyeji wa Uvira, Kongo, akaenda kwenye maikrofoni, akashika kingo za meza kwa mikono miwili, akauliza kwa Kiswahili cha kwao: "Huyu mutu munatupatia, sisi hatukumupigia kura. Kama hatumupendi, tutamutoa namna gani?"

Nikatafsiri. Meya akamtazama mwanasheria wa jiji, mwanasheria akafungua jalada lake. Jibu lilikuja, lakini lilichelewa, na Mzee alirudi kukaa akiwa bado anatikisa kichwa.

Swali lake sijaliacha mpaka leo. Diwani wa kuteuliwa hana hata kura moja ya wananchi mfukoni. Kinachompa haki ya kukaa pale ni njia aliyopitia tu. Njia ikiwa chafu, hata yeye mwenyewe awe mtu safi namna gani, atatumikia siku zake zote watu wakimnong'ona. Mwongozo huu nimewaandikia ndugu zetu ambao siku hizi wamo ndani ya mabaraza, wanaofikiria kuomba nafasi, na yeyote anayeishi Kent, Tukwila, SeaTac, Renton au Federal Way na anataka kujua pa kuwabana wakubwa. Sheria ninazozitaja ni za jimbo la Washington. Ukiwa jimbo jingine hatua zinafanana kwa sehemu kubwa, ila siku na masharti hubadilika, kwa hiyo muulize karani wa jiji lako.

Jambo moja kwanza kwa sisi tuliotoka Afrika Mashariki. Kenya, mwakilishi wa wadi akifariki au akijiuzulu, watu wa wadi hurudi kwenye debe kwa uchaguzi mdogo. Tanzania ni vivyo hivyo kwa diwani wa kata. Anayeingia bila kupigiwa kura na wananchi ni wa viti maalum au wa kuteuliwa, na huyo hutoka kwenye orodha ya chama. Hapa uchaguzi wa jiji hauna vyama kwenye karatasi ya kura, wala hakuna orodha ya mtu anayefuata. Madiwani waliobaki ndio wanaoteua. Ukisikia mtu anasema "aliyeshika nafasi ya pili apewe," mwambie hakuna sheria inayosema hivyo. Baraza linaweza kumchagua huyo, au likamwacha.

Hatua ya 1: Hakikisha kiti kiko wazi, kisha anza kuhesabu siku

Kiti huwa wazi diwani akifariki, akijiuzulu, akihama jiji, au akitiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai. Hata kukosa vikao kunatosha: katika majiji ya aina ya Kent na Tukwila, diwani akikosa vikao vya kawaida 3 mfululizo bila kupewa ruhusa na wenzake, kiti kimemponyoka. Kujiuzulu kuwe kwa maandishi, barua itaje siku, na karani aipokee. Nimeona watu wakianza kupigiana simu usiku kugombania kiti cha mtu ambaye alikuwa amesema tu kwa hasira kwamba amechoka.

Tangu siku kiti kilipokuwa wazi, baraza lina siku 90. Zikiisha bila mtu kupatikana, mamlaka ya kuteua yanaondoka mikononi mwa jiji na kwenda kwa baraza la kaunti. Kaunti nayo ikishindwa mpaka siku ya 180, gavana anaweza kuombwa ateue. Seattle ina katiba yake ya jiji na haina muda wa kupoteza: baraza linapewa siku 20, na zikipita linalazimika kuendelea kukutana na kupiga kura mpaka apatikane.

Siku 90 huonekana nyingi mpaka uzigawe. Mimi ningetenga wiki moja ya kukubaliana utaratibu, wiki tatu za tangazo, wiki moja ya kusoma maombi, wiki mbili za usaili na maoni ya wananchi. Zinazobaki ziwekwe akiba, kwa sababu baraza la watu sita linaweza kugawanyika tatu kwa tatu na kukwama hapo.

Vikiwa wazi viti viwili kwa mpigo, msiteue wawili kwa kura moja. Sheria inataka waliobaki wamteue mmoja kwanza, huyo aapishwe, kisha naye ashiriki kumteua wa pili. Yule wa kwanza ana kura juu ya wa pili. Ni jambo linalosahaulika sana.

Hatua ya 2: Semeni wazi atakaa hadi lini

Jibu la Mzee wa Uvira lilikuwa hapa. Mteule halazimiki kumaliza muhula wote wa aliyeondoka. Anakaa mpaka uchaguzi ujao ambao madiwani wa jiji hilo kwa kawaida huchaguliwa, na kwa majiji mengi ya Washington hiyo ni Novemba ya mwaka usiogawanyika kwa mbili: 2025, 2027, 2029. Aliyeshinda uchaguzi huo kwa kiti hicho anaingia mara tu matokeo yanapothibitishwa. Hangoji Januari. Kwa hiyo anayeteuliwa mwezi Februari wa mwaka wa uchaguzi ana miezi isiyozidi kumi, na fomu za wagombea zinachukuliwa mwezi Mei. Hayo yaandikwe kwenye tangazo, mstari wa kwanza kabisa, ili mwananchi ajue siku atakayopata kusema lake.

Ukishajua muda huo, swali kubwa linakuja lenyewe: je, mnatafuta mtu wa kushikilia kiti tu, au mtu atakayegombea?

Seattle imejaribu njia zote mbili ndani ya miaka miwili, na inafaa kutazamwa. Diwani Teresa Mosqueda alichaguliwa kuingia baraza la kaunti ya King Novemba 2023, na kiti chake cha jiji zima, yaani kinachopigiwa kura na wakaazi wote wa Seattle, kikabaki wazi. Januari 2024 baraza likamteua Tanya Woo, ambaye miezi miwili nyuma alikuwa ameshindwa kwa kura chache kwenye kiti kingine. Watu wengi walilalamika kwamba aliyekataliwa mlangoni ameingizwa dirishani. Woo akagombea ili aendelee, na Novemba 2024 Alexis Mercedes Rinck akamshinda kwa kura nyingi. Halafu diwani Tammy Morales akajiuzulu kiti cha eneo la 2 mwanzoni mwa 2025. Safari hii baraza likamteua Mark Solomon, aliyesema tangu mwanzo kwamba hatagombea. Hakugombea. Novemba 2025 watu wa eneo hilo wakamchagua Eddie Lin kutoka kundi la wagombea ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari amekalia kiti hicho.

Sisemi Woo hakustahili. Nasema baraza linapomteua mtu atakayegombea, linampa kibao cha jina mezani, picha kwenye tovuti ya jiji na miezi ya kusikika, na wagombea wengine hawana hayo. Kama uchaguzi uko karibu, chini ya mwaka, ningemchukua mshikilia kiti. Ukiwa mbali, hasa kwenye jiji dogo ambako wanaojitokeza ni wachache, kumfunga mtu kwa ahadi ya kutogombea kunaweza kuwafukuza watu wazuri. Jueni pia kwamba ahadi hiyo haina nguvu ya kisheria. Ni neno lake tu. Baraza likiitaka, liulize hadharani na jibu liingie kwenye kumbukumbu za kikao.

Hatua ya 3: Andikeni sifa kabla hamjaona jina lolote

Mwongozo wote ukikutoka kichwani, hatua hii usiiache.

Sifa za kisheria ni chache: awe mpiga kura aliyeandikishwa ndani ya jiji, awe ameishi humo angalau mwaka mmoja, na kama kiti ni cha eneo fulani, awe mkaazi wa eneo hilo. Basi. Zaidi ya hapo, baraza ndilo linaloamua linatafuta nini, na ndipo ujanja unapoingilia. Madiwani wakishajua nani anataka kiti, kila sifa wanayoitaja inakuwa imeshonwa kwa kipimo cha mtu. Nimewahi kusoma rasimu ya tangazo iliyotaka mwombaji awe amekaa miaka minne kwenye tume ya mipango ya jiji na awe na uzoefu wa "kuongoza shirika la biashara ndogo." Katika jiji lote kulikuwa na mtu mmoja wa namna hiyo. Kila mtu ukumbini alimjua kwa jina, na hakuna aliyelitamka.

Kwa hiyo sifa zipitishwe kwenye kikao cha wazi kabla fomu haijatoka. Anzeni na swali: aliyeondoka alikuwa anabeba nini, na sisi tuliobaki tumepungukiwa na nini? Pengine yeye peke yake ndiye aliyekuwa anaelewa bajeti. Pengine madiwani wote sita wana nyumba zao wenyewe, wakati sehemu kubwa ya jiji ni wapangaji. Pengine hakuna hata mmoja anayeishi upande ule wa reli. Andikeni mambo matatu, yasizidi manne. Mkiandika kumi, kila diwani atachukua lile linalompendeza na orodha haitamsaidia yeyote.

Kisha kila sifa ipewe maana inayoonekana. "Awe kiongozi" haisemi kitu. "Aeleze jambo moja alilolisimamia mpaka mwisho, na nani alimpinga" inasema. "Aipende jamii" haipimiki. "Ataje vikao viwili vya jiji alivyohudhuria na kilichoamuliwa" inapimika.

Hapa nizungumze na watu wangu. Natamani sana kumwona mtu anayezungumza Kiswahili akikalia kiti kwenye mojawapo ya mabaraza haya. Watoto wetu wamejaa shule za huku, wazazi wao wanafanya kazi uwanja wa ndege, kwenye maghala na kwenye nyumba za wazee, na maamuzi ya basi, kodi ya nyumba na polisi yanawagusa kila siku. Lakini tukienda kwa madiwani kimyakimya kuwaambia "tupeni mtu wetu, tutawapigia kura," tumejifungia mlango wenyewe, maana kesho jamii nyingine yenye watu wengi na pesa nyingi itafanya vilevile. Tupiganie sifa. Tukisimama kwenye kikao cha mapema kusema "diwani ajaye ajue maisha ya mtu anayelipa pango na kupanda basi la saa 10 alfajiri," tumewafungulia mlango watu wetu, na mtu wa Vietnam au wa Mexico mwenye maisha hayohayo naye amefunguliwa.

Na tahadhari moja ambayo siwezi kuipita: kuwa mpiga kura kunahitaji uraia. Kama una kadi ya kijani (green card, kibali cha kuishi Marekani daima), usijiandikishe kupiga kura kwa sababu mtu amekuambia uombe kiti hiki. Kujiandikisha bila uraia kunaweza kukuharibia kesi yako ya uhamiaji moja kwa moja. Kuzungumza kwenye kikao, kuandika barua, kumpendekeza mtu, hayo yote unaweza bila uraia.

Hatua ya 4: Tangazo lifike mahali watu walipo

Tovuti ya jiji peke yake haitoshi. Tangazo liende kwenye maktaba, vituo vya jamii, makanisa, misikiti, maduka ya vyakula vya nyumbani, na makundi ya WhatsApp ya wazazi wa shule. Litafsiriwe kwa lugha zinazozungumzwa jijini, na tafsiri isomwe na mtu kabla ya kutoka. Niliwahi kuona tangazo lililotafsiriwa na kompyuta lililoita kiti hiki "nafasi tupu ya kukaa". Mama mmoja akaniuliza kama jiji linagawa samani.

Fomu iwe fupi: kurasa mbili, maswali matatu au manne yanayofuata zile sifa, na barua ya wasifu. Waombaji waambiwe mapema kwamba maombi yao ni nyaraka za umma na yeyote anaweza kuomba kuyasoma, ili wasiandike namba za simu za watoto au habari za afya. Saa na siku ya mwisho iwe moja kwa wote. Anayechelewa dakika 10, hata awe nani, amechelewa.

Hatua ya 5: Mchujo, na mipaka ya faragha

Waombaji wakiwa watano, wasailiwe wote. Seattle mwaka 2024 walijitokeza zaidi ya 70, na hapo mchujo hauepukiki. Njia iliyo rahisi kueleweka ni kila diwani kumtaja hadharani mtu mmoja anayetaka asailiwe, na kusema kwa nini. Njia nyingine ni kila diwani kuwapa waombaji alama kwa kufuata zile sifa, na alama za kila mmoja zichapishwe zikiwa na jina lake.

Sheria ya mikutano ya wazi ya Washington, ya mwaka 1971, inaruhusu baraza kuingia faraghani kupima sifa za mwombaji wa kiti kama hiki. Wakaazi wengi hushtuka wakiona madiwani wanainuka na kufunga mlango. Msishtuke, ila jueni mipaka. Kabla ya kuingia, mwenyekiti lazima atangaze sababu na saa watakayorudi. Ndani wanaweza kuzungumza juu ya sifa, lakini usaili na kura ya mwisho lazima viwe mbele ya watu. Hawaruhusiwi kupiga kura ya majaribio humo ndani wakatoka na jina moja lililokwishaiva. Ukiwa ukumbini, andika saa waliyoingia na saa waliyotoka. Wakirudi na wote sita wakamtaja mtu yuleyule bila neno hata moja la maelezo, una haki ya kuuliza waliafikiana wapi.

Simu na barua pepe ni mtego wa pili. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ya jimbo, katika kesi ya Wood dhidi ya wilaya ya shule ya Battle Ground, ilisema wajumbe wa kutosha kufanya akidi wakijadili shughuli zao kwa kurushiana barua pepe, huo unaweza kuwa mkutano. Kwa hiyo kundi la WhatsApp la madiwani wanne kati ya saba wanaopanga nani apite ni hatari kubwa, wajue au wasijue. Uamuzi uliofanywa kinyume cha sheria hii unaweza kubatilishwa, na diwani aliyevunja kwa kujua anatozwa dola 500 mara ya kwanza, 1,000 akirudia.

Hatua ya 6: Usaili

Maswali yawe yaleyale kwa wote, kwa mpangilio uleule, kwa dakika zilezile. Wanaosubiri zamu wanaweza kuombwa wakae chumba kingine ili wasisikie majibu ya wenzao, lakini hilo ni ombi la hisani: kikao ni cha wazi, huwezi kumfungia mtu mlango. Njia ya haki zaidi ni kuwapa wote maswali saa chache kabla, na kubakiza moja la kushtukiza.

Swali hilo moja liwe la kazi yenyewe. Katika usaili nilioutafsiri, diwani mmoja aliuliza: "Tuna dola laki 3. Njia ya watoto wa shule haina mahali pa kupita kwa miguu, na paa la kituo cha wazee linavuja. Utafanya nini?" Mwombaji wa kwanza alizungumza dakika nne nzima juu ya umuhimu wa watoto na heshima ya wazee. Maneno mazuri, na watu walipiga makofi. Wa pili, mama mwenye sare ya kazi aliyekuwa ametoka zamu, alinyamaza kidogo, akauliza: "Paa likiachwa mwaka mmoja zaidi, gharama itapanda kiasi gani? Na kuna ruzuku ya jimbo ya njia za shule tunayoweza kuomba?" Nilimwona mkurugenzi wa jiji akiinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. Diwani anatafutwa kwa maswali kama hayo.

Muulizeni pia kila mmoja kuhusu muda. Vikao ni vya jioni, makabrasha ya kusoma kabla ya kikao yanaweza kufika kurasa 200, na wengi wetu tuna zamu za usiku. Si aibu kuliuliza, na si aibu kulijibu ukweli. Na waulizwe wana mkataba wowote na jiji, au ndugu wa karibu aliyeajiriwa na jiji. Ni heri lijulikane leo.

Kwa wewe mwombaji: hudhuria vikao viwili kabla ya usaili wako, soma bajeti angalau ukurasa wa muhtasari, na uwe na jambo moja dogo la kweli unalotaka lirekebishwe. Lafudhi yako isikutie hofu hata kidogo. Sema polepole, malizia sentensi zako.

Hatua ya 7: Wananchi wasikilizwe kabla ya kura

Tangu 2022 sheria ya Washington inalazimisha baraza kupokea maoni ya wananchi, ya mdomo au ya maandishi, kwenye kikao au kabla yake, kabla ya kuchukua uamuzi wa mwisho kwenye kikao cha kawaida. Ajenda lazima iwe mtandaoni saa 24 kabla. Na ili uingie tu ukumbini, hakuna anayeruhusiwa kukulazimisha uandike jina lako. Hili nalisema kwa sababu nawajua watu wanaoogopa daftari la mlangoni.

Narudi kwa Mzee wangu. Alipewa dakika 3 kama wengine. Saa ya mezani ilikuwa na taa: kijani, njano, nyekundu. Alizungumza sentensi, nikatafsiri sentensi, na taa haikujua kwamba tulikuwa wawili. Ilipowaka nyekundu alikuwa ametumia kama dakika moja na nusu yake mwenyewe. Akaniambia, "Mwanangu, umekula wakati wangu," na alikuwa na haki. California imeandika kwenye sheria kwamba anayetumia mkalimani apewe angalau mara mbili ya muda wa wengine pale muda unapopimwa. Popote ulipo, mpigie karani siku mbili tatu kabla, omba mkalimani, na omba muda mara mbili kwa maandishi. Diwani unayesoma hapa, pendekeza kanuni hiyo kwenye baraza lako. Haigharimu senti.

Ukipata dakika zako, usizitumie kumsifu mtu. Taja sifa moja kati ya zile zilizopitishwa, na sema nani ameionyesha na ulionaje.

Hatua ya 8: Kura

Kura ya siri hairuhusiwi. Ikipigwa, ni batili. Njia safi ni hii: kila diwani anapewa karatasi, anaandika jina lake na jina la anayemtaka, anatia saini, karani anakusanya na kusoma kwa sauti moja moja: diwani fulani, amemchagua fulani. Karatasi zinahifadhiwa. Nimekaa kwenye ukumbi ambapo karani alisoma hivyo, na ingawa nusu ya watu hawakufurahia matokeo, hakuna aliyetoka akisema ameibiwa.

Kanuni za raundi zikubaliwe kabla ya raundi ya kwanza. Kwa baraza la viti saba akidi ni 4, na ningesisitiza mshindi apate angalau kura 4. Asipopatikana, wa mwisho anaondolewa na kura inarudiwa. Tatu kwa tatu je? Mwulizeni mwanasheria mapema kama meya wenu ana kura ya kuvunja sare, kwa sababu majiji yanatofautiana katika hilo, na usiku wa kura si wakati wa kuanza kufungua vitabu. Mkikwama kabisa, ahirisheni wiki moja na muwaite wawili waliobaki kwa usaili wa pili. Akiba ya siku ilikuwa kwa ajili ya hapo.

Kila diwani aseme sababu yake kwa sentensi mbili tatu kabla ya kusomwa kwa karatasi. Watu wanaweza kuvumilia uamuzi wasioupenda wakisikia umetoka wapi.

Hatua ya 9: Baada ya kiapo

Mteule anaapishwa, mara nyingi usiku uleule. Ndani ya wiki mbili anawasilisha kwa tume ya jimbo (Public Disclosure Commission) fomu F-1 ya mali na mapato yake, na ndani ya siku 90 anapata mafunzo ya sheria ya mikutano na nyaraka za umma. Mkurugenzi wa jiji ampe siku mbili nzima za bajeti na za kukutana na wakuu wa idara kabla ya kikao chake cha kwanza kizito. Kama ana nia ya kugombea, aseme mapema, maana Mei inafika haraka.

Wale walioachwa wapigiwe simu na mwenyekiti mwenyewe, mmoja mmoja, kabla hawajasoma matokeo kwenye simu zao. Wengi wao hawajawahi kuingia kwenye jengo hilo kabla ya hapo, na tume za maktaba, bustani na mipango huwa na nafasi zisizo na waombaji. Yule mama wa sare ya kazi hakupita usiku ule. Alipungukiwa kura moja. Alipigiwa simu kesho yake asubuhi akiwa kituo cha basi, akaombwa akae kwenye tume ya usafiri, na akakubali kabla basi halijafika.